Neno "fen": kutoka tope la mkononi hadi kipimo cha maabara

Ukifungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "fen" utapewa jibu fupi: kinamasi. Jibu hilo ni sahihi, lakini limefunika mambo manne. Kuna fen iliyokuwa tope lenyewe, la kushikika mkononi. Kuna fen ambayo ni mahali penye tope. Kuna The Fens, jina la eneo moja mahususi mashariki mwa Uingereza. Na kuna fen ya wanaikolojia, ambayo ina masharti ya kupimwa: maji yatoke wapi, udongo uwe wa aina gani, asidi iwe kiasi gani. Anayezichanganya hizi nne atasoma maandishi ya karne ya 10, ramani ya karne ya 17 na ripoti ya mazingira ya juzi akidhani zote zinasema kitu kimoja. Tuzitenganishe, kwa sababu kila maana ilitokana na jambo lililoipata ardhi yenyewe au watu walioishi juu yake.

Mzizi na sauti zake

Neno hili limekitangulia Kiingereza kwa mbali. Wanaisimu huanzia kwenye mzizi pen-, uliomaanisha tope au kinamasi katika lugha mama ya familia ya Kihindi-Kiulaya. Mzizi huo haukuandikwa popote; umejengwa upya kwa kulinganisha maneno yaliyozaliwa nao. Kisanskriti kina paṅka, yaani tope. Kiprusi cha Kale, lugha iliyokufa ya pwani ya Baltiki, kilikuwa na pannean, kinamasi. Kigalia, lugha ya Kiselti iliyozungumzwa Ufaransa ya kale, kilikuwa na anam kwa maana hiyohiyo, na hapo p haionekani kwa sababu lugha za Kiselti ziliiangusha p ya mwanzo wa maneno. Kigothi, lugha iliyokufa ya kundi la Kijerumani, kilikuwa na fani, tope.

Neno la Kisanskriti pengine umeshalitamka bila kujua. Mwenye duka au mwanafunzi mwenzako wa asili ya Kihindi anayeitwa Pankaj amebeba jina lenye sehemu mbili: paṅka, tope, na ja, aliyezaliwa. Aliyezaliwa topeni ni yungiyungi, ua linalochipuka kwenye matope na kufunguka juu ya maji. Pankaj na fen ni ndugu wa damu.

Tofauti ya p na f ina kanuni yake. Lugha za kundi la Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, ziligeuza p ya zamani kuwa f mahali pengi na kwa utaratibu uleule. Pitar ya Kisanskriti inalingana na father ya Kiingereza, na pad, mguu, inalingana na foot. Ndiyo sababu ulinganishi wa paṅka na fen unasimama: unafuata njia iliyopitwa na maneno mengine mengi, wala hautegemei kufanana kwa sura.

Katika kundi hilo la Kijerumani umbo la awali lilikuwa fanja. Kwanza ile j iliirudufisha n iliyoitangulia, zikawa n mbili. Kisha sauti hiyohiyo ikaivuta a mbele kinywani, ikawa e. Mwishowe j yenyewe ikadondoka, ikaacha alama zake mbili tu. Kigothi hakikupitia hatua hizo, ndiyo maana kina fani yenye a na n moja, wakati Kiingereza cha Kale kina fenn. Kiholanzi kilibaki na veen, na huko maana ikajikita kwenye udongo wenyewe, ule mweusi uliokatwa vipande na kukaushwa kuwa kuni. Majina ya miji kama Amstelveen na Veenendaal yanatokana nao. Kwenye mpaka wa Ubelgiji na Ujerumani kuna nyanda za juu zenye unyevu ziitwazo Hohes Venn kwa Kijerumani na Hautes Fagnes kwa Kifaransa. Venn na Fagnes ni neno moja lililovaa lafudhi mbili.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakiona "fen" mwanzoni mwa neno hudhani wamepata jamaa mwingine. Fennel, yaani shamari, imetoka Kilatini kwenye neno la nyasi kavu. Fennec, mbweha mdogo wa jangwani mwenye masikio makubwa, ni fanak ya Kiarabu. Hakuna tope ndani yake hata kidogo. Kabla ya kuunganisha maneno mawili, tafuta umbo la zamani zaidi la kila moja, kisha uone kama kanuni za sauti zinakubali. Sura za leo hudanganya.

Tope kwanza, mahali baadaye

Ushahidi mzuri zaidi wa maana ya kwanza uko mahali ambapo msomaji wa Kiswahili anaweza kuulinganisha mwenyewe. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, Yesu anatema mate chini, anafanya tope kwa mate hayo na kumpaka kipofu machoni. Injili zilipotafsiriwa katika Kiingereza cha Kale, karne ya 10, mfasiri aliandika kwamba Yesu alitengeneza fenn kwa mate yake. Si kinamasi, wala bonde lenye maji: ni tope dogo la kukaa kwenye ncha ya kidole. Anayejua fen kama eneo tu hawezi kuielewa sentensi hiyo. Hata katika karne zilizofuata neno liliendelea kutumika kwa tope la barabarani, uchafu, na hata kinyesi.

Maana ya pili, ya mahali, ilikuwapo sambamba na ya kwanza. Katika utenzi wa Beowulf, ambao hati yake pekee ni ya takriban mwaka 1000, jitu Grendel linaelezwa kuwa mtawala wa moor, yaani nyika, na fen. Utenzi huo unaunganisha neno na mengine: fengelad ni njia ya kupita kinamasini, fenhopu ni maficho ya huko. Shairi jingine la mafumbo ya hekima la kipindi hicho linasema mahali pa jitu ni fen, peke yake. Kwa Waingereza wale fen palikuwa nje ya mji na nje ya sheria, mahali ambapo mtu hakujenga kwa hiari yake.

Kwa nini basi maana ya tope ilipotea? Ilisukumwa na wageni. Waskandinavia walioingia Uingereza walileta mýrr, lililokuja kuwa mire. Katika karne ya 14 likatokea mud, ambalo ni jamaa wa maneno ya Kijerumani cha kaskazini yaliyotumika bandarini na kwenye biashara. Lugha ikishakuwa na maneno mawili mapya ya kitu kilekile, la zamani hujibanza pale ambapo halina mshindani. Fen ikaiachia mud tope la kwenye viatu, ikabaki na mahali.

Wakati huohuo maneno mengine ya ardhi yenye maji yaliendelea kujipanga pembeni. Marsh limetokana na mersc la Kiingereza cha Kale, lenye uhusiano na neno la bahari na ziwa. Slough ni slōh, shimo la tope linalonasa magurudumu. Carr, kichaka cha miti kwenye maji, limetoka Kinorsi, lugha ya Waskandinavia wale. Bog limetokana na neno la Kigaeli lenye maana ya "laini", likaingia Kiingereza karibu na mwaka 1500. Swamp linaanza kuonekana kwenye maandishi kuhusu Virginia, Marekani, mapema karne ya 17. Maneno haya hayakuundwa pamoja yakagawiwa kazi; yaliokotwa mahali tofauti, na mgawanyo wa kazi ukaja baadaye sana.

Lilivyoingia kwenye majina ya watu

Majina ya vijiji yanahifadhi maneno kuliko vitabu. Fenton ni makazi ya kinamasini, Fenwick ni shamba la huko. Vange, kijiji cha Essex, ni fenn na gē, yaani wilaya ya kinamasi. Lakini mbona v?

Lahaja za kusini mwa Uingereza ziligeuza f ya mwanzo kuwa v. Baadhi ya matamshi hayo yaliingia hata kwenye Kiingereza sanifu: mbweha dume ni fox lakini jike ni vixen. Kwa mwendo huohuo, mtu wa Devon aliyeishi karibu na kinamasi aliitwa Venn.

Na jina hilo kila aliyesoma hisabati shuleni Afrika Mashariki amelichora. Michoro ya Venn, ile miduara inayopishana kuonyesha seti, ni ya John Venn, mwanamantiki wa Cambridge aliyeitangaza mwaka 1880. Ukoo wake ulitoka Devon. Baba yake, Henry Venn, alikuwa katibu wa Church Missionary Society kuanzia 1841 hadi 1872, chama kilichomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akahamia Rabai, na baadaye akaandaa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882. Mkuu aliyekuwa akipokea barua za Krapf kutoka pwani yetu alikuwa na jina lenye maana ya kinamasi.

Neno lilivuka bahari pia. Huko Boston, Marekani, ardhi ya maji ya chumvi iliyogeuzwa bustani katika karne ya 19 ilipewa jina Back Bay Fens, mtaa wa jirani ukawa Fenway, na uwanja wa besiboli uliofunguliwa hapo 1912 ukaitwa Fenway Park. Jina la mji huo nalo limetoka Boston ya Uingereza, iliyoko kwenye mto Witham, ndani ya Fens halisi.

Eneo lililochukua neno likawa jina lake

The Fens ni uwanda wa takriban kilomita za mraba 4,000 kuzunguka ghuba ya The Wash, unaogusa hasa Lincolnshire, Cambridgeshire na Norfolk. Mito minne mikubwa, Witham, Welland, Nene na Great Ouse, inashuka kutoka nchi ya juu na kukuta uwanda usio na mteremko. Baada ya zama za barafu bahari ilipanda, maji ya mito yakakosa pa kutokea, na mimea iliyokufa ikawa inazama majini bila kuoza. Mrundikano huo ndio peati: udongo mweusi wa mabaki ya mimea, unaokua kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Karibu na bahari, mawimbi yaliacha tope jepesi la madini. Kwa hiyo Fens ni mbili: ya tope la bahari upande wa pwani, na ya peati nyeusi upande wa ndani. Zikichanganywa, historia yote ya baadaye haieleweki, kwa sababu ya kwanza haikuzama sana na ya pili ilizama.

Watu waliishi kwenye visiwa vya udongo mgumu vilivyochomoza, na majina bado yanakiri: Thorney ni kisiwa cha miiba, Ramsey kisiwa cha vitunguu saumu vya porini. Ely ni wilaya ya mikunga, na samaki hao walikuwa wengi kiasi cha kutumika kulipa kodi. Wenyeji walivua, walinasa bata, walikata matete ya kuezekea na peati ya kuwasha moto, na kiangazi walipeleka ng'ombe kwenye majani mabichi yaliyoachwa na mafuriko. Nchi hiyo ilionekana tupu kwa mtu wa London tu.

Waliugua vilevile. Ile homa ya kutetemeka iliyoitwa ague leo tunajua ilikuwa malaria, ya kimelea Plasmodium vivax, iliyoenezwa na mbu Anopheles atroparvus. Wenyeji walituliza mwili kwa chai ya mbegu na vichwa vya mipopi, yaani kasumba ya nyumbani. Ugonjwa ulififia kufikia mwanzo wa karne ya 20. Wanaodhani malaria ni ugonjwa wa joto la tropiki peke yake wanasahau vijiji hivi vya baridi kaskazini mwa Cambridge.

Ukaushaji, na kosa lililokuwa ndani yake

Mwaka 1630 Francis Russell, Earl wa 4 wa Bedford, alikubali kukausha sehemu ya kusini kwa malipo ya ekari 95,000 za ardhi itakayopatikana. Wawekezaji 13 waliungana naye. Mhandisi aliyehusishwa zaidi na kazi hiyo alikuwa Mholanzi Cornelius Vermuyden. Wazo lilikuwa rahisi: mto Great Ouse unajipinda, maji yanakwenda polepole na kuacha tope njiani, chimba mfereji ulionyooka, maji yatakimbia na kusafisha njia yake yenyewe. Old Bedford River, wenye upana wa mita 21 na urefu wa kilomita 34, ulikamilika 1637.

Haukutosha. Ardhi ilikauka kiangazi na kufunikwa tena na maji majira ya baridi. Wenyeji walionyang'anywa malisho na uvuvi walibomoa matuta na kujaza mifereji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikasimamisha kazi, na baada ya sheria ya 1649 ilianza upya, safari hii wakitumiwa pia wafungwa wa kivita wa Kiskoti na wa Kiholanzi. Mwaka 1651 mfereji wa pili, New Bedford River, wenye upana wa futi 100, ulichimbwa sambamba na wa kwanza. Kati yao uliachwa ukanda wazi, Ouse Washes, ambako mafuriko hujaa kwa makusudi na kusubiri mto upungue. Ukanda huo unafanya kazi hadi leo, na ndio sehemu ya akili kuliko zote katika mpango mzima. Huko Denver, kijiji cha Norfolk, lilijengwa lango la kuzuia maji ya bahari yanayojaa yasipande mtoni. Lilivunjwa na maji mwaka 1713, likajengwa upya kufikia 1750.

Kosa lenyewe halikuwa kwenye hesabu ya mifereji. Lilikuwa kwenye udongo. Vermuyden alipanga kana kwamba uso wa ardhi utabaki pale ulipo, na peati haibaki. Ukiitoa maji, mambo manne yanaipata, na hayaendi kwa kasi moja. Kwanza inasinyaa, maana sehemu kubwa ya ujazo wake ilikuwa maji. Pili inajikandamiza kwa uzito wake, kwa sababu maji yaliyokuwa yakiibeba hayapo. Haya mawili hutokea haraka, ndani ya miaka ya mwanzo. La tatu ni la polepole na halina mwisho: hewa inaingia, bakteria na kuvu wanaanza kuila, na kaboni iliyolala kwa maelfu ya miaka inatoka kama hewa ya kaboni dioksidi. La nne ni upepo. Peati kavu iliyolimwa ni nyepesi, na katika majira ya kuchipua dhoruba huibeba pamoja na mbegu na mbolea na kuijaza kwenye mifereji.

Matokeo yake ni mzunguko. Ardhi ikizama inakuwa chini ya mto, na maji hayawezi tena kutiririka kwa mteremko. Vikaletwa vinu vya upepo vyenye magurudumu ya makasia kuyainua. Yakatoka, ardhi ikakauka zaidi, ikazama zaidi, na kinu kimoja hakikufikisha. Vikawekwa viwili mfululizo, cha kwanza kikimpandishia cha pili. Katika karne ya 19 injini za mvuke zikachukua nafasi. Ile ya Stretham, ya mwaka 1831, bado ipo na inatembelewa. Gurudumu la makasia linaweza kuinua maji kwa sehemu tu ya kipenyo chake, hivyo ardhi ikishuka gurudumu lazima liwe kubwa zaidi. La Stretham lilifikia mita 11 na zaidi. Baadaye zikaja pampu za dizeli, sasa za umeme. Zikizimwa, uwanda unajaa.

Kipimo cha wazi kuliko vyote kiko Holme, kijiji cha Cambridgeshire. Karibu na hapo palikuwa na ziwa Whittlesey Mere, lililokaushwa 1851 kwa pampu ya Appold, aina mpya iliyoonyeshwa mwaka huohuo kwenye maonyesho makubwa ya London. Mwenye ardhi, William Wells, alitaka kujua ardhi itashuka kiasi gani. Akasimika nguzo, kwanza ya mbao mwaka 1848, kisha ya chuma, ikipenya peati yote hadi kwenye udongo mgumu chini, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Kufikia 1860 ilikuwa imechomoza karibu mita 1.5. Leo imechomoza takriban mita 4. Nguzo haijapanda, ardhi ndiyo imeshuka, nayo hapo iko karibu mita 2.75 chini ya usawa wa bahari, mahali pa chini kuliko pote Uingereza. Kwa kasi ya milimita 1 kwa mwaka, kimo hicho cha peati kilihitaji takriban miaka 4,000 kujengeka.

Mashamba ya jirani yana ishara zake. Mistari ya udongo mweupe inayojipinda, iitwayo roddon, ni vitanda vya mito ya kale: tope la madini halikusinyaa, peati ya pembeni ikasinyaa, na kilichokuwa shimo la mto sasa ni mgongo juu ya shamba. Wajenzi wa zamani waliweka nyumba juu yake kwa sababu nzuri. Nyumba zilizowekwa kwenye peati zimeinama.

Maana ya nne: wanasayansi wanaligawa

Mwaka 1911 kilichapishwa kitabu kuhusu uoto wa Uingereza kilichohaririwa na Arthur Tansley. Humo Marietta Pallis alieleza mabonde ya mito ya mashariki mwa Norfolk na fen zake. Wajerumani walikuwa tayari wanatenganisha peati ya mabondeni na ile iliyoinuka juu, na wanaikolojia wa Kiingereza walihitaji majina. Wakachukua maneno ya wakulima na kuyapa mipaka. Fen ni ardhi ya peati inayopata maji yaliyogusa udongo au mwamba, ya chemchemi au ya mto, hivyo yana madini na asidi yake ni ndogo. Bog ni ardhi ya peati inayolishwa na mvua peke yake, maskini wa madini na yenye asidi kali. Marsh ina maji lakini udongo wake ni wa madini, hauna peati ya maana. Swamp ilibaki na utata: kwa Wamarekani lazima iwe na miti, kwa Waingereza wengi ni matete yanayosimama majini karibu mwaka mzima.

Ubaya ni kwamba majina ya mahali yalishawekwa kabla ya sheria hii. Sehemu ya Holme Fen, kwa vipimo vya wanasayansi, ilikuwa bog, ingawa wenyeji waliiita fen kwa karne nyingi. Usiwasahihishe, walitumia neno la zamani kwa haki yake ya zamani.

Ukitaka kujua umesimama juu ya nini, pima. Chukua fimbo nyembamba ya chuma uisukume chini hadi uhisi mkwaruzo wa mchanga au ugumu wa mfinyanzi: hapo peati imekwisha. Ikiwa pungufu ya sentimita 30 hivi, kwa viwango vingi hiyo si ardhi ya peati. Kisha toa konzi ya peati mbichi uikamue ndani ya ngumi. Njia hii iliachwa na Lennart von Post wa Sweden, na ina daraja 10. Yakitoka maji safi na nyuzi za mimea zikabaki mkononi, ni daraja la 1, peati changa isiyooza. Peati yote ikipenya kati ya vidole kama uji, ni la 10. Fen iliyokaushwa muda mrefu hukaribia madaraja ya juu kwenye tabaka la juu, hata kama chini bado kuna mashina ya matete yanayotambulika.

Sasa maji. Zika bomba la plastiki lenye vitobo, la kipenyo cha sentimita 3 hadi 5, hadi kina cha mita 1, usome usawa wa maji kila wiki. Fen hai inabaki na maji karibu na uso hata wiki kadhaa bila mvua, kwa sababu inalishwa kutoka chini. Pima pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali: bog nyingi ni kati ya 3.5 na 4.5, fen tajiri kati ya 6 na 8, na katikati kuna fen maskini ambazo huwachanganya hata wazoefu. Tazama mimea pia. Zulia la sfagnamu, mmea mdogo laini unaofyonza maji kama sponji, ni dalili ya bog. Matete, na Cladium mariscus wenye majani ya kukata ngozi, ni dalili ya fen.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kupima pH mara baada ya mvua kubwa, ukapima maji ya mvua yaliyokaa juu. Kupima uso wa fen iliyokatiwa maji ya chini: mvua huosha madini, asidi hupanda, na kipimo kikakuambia bog mahali ambapo hapakuwahi kuwa bog. La tatu ni kuamini mimea peke yake kwenye ardhi iliyochomwa au kulimwa, maana matete huota popote.

Kurudisha maji

Vipande vya fen hai vilivyobaki katika eneo lililolipa neno umaarufu ni vichache na vidogo. Wicken Fen ilianza kuhifadhiwa na National Trust, shirika la uhifadhi la Uingereza, mwaka 1899, kipande cha ekari 2 kilichonunuliwa kwa pauni 10. Sasa kinasimama juu kuliko mashamba yanayokizunguka, kwa kuwa hakikukaushwa na majirani walizama. Hilo ndilo tatizo lake: maji yanataka kukikimbia, kwa hiyo inabidi yazuiwe kwa matuta yasiyopenyeza. Mpango wa 1999 unakusudia kulipanua eneo hilo hadi hekta 5,300 katika miaka 100. Kwa upande wa Holme, mradi wa Great Fen unaunganisha Holme Fen na Woodwalton Fen katika takriban hekta 3,700.

Kurudisha maji si kufungua lango tu. Peati iliyooza sana haifyonzi tena ilivyokuwa, na udongo uliolimwa kwa mbolea hutoa fosforasi maji yanaporudi, kisha mwani ukatangulia mimea inayotakiwa. Wengine huondoa tabaka la juu kwanza. Wengine hupandisha maji kidogo kidogo, na kulima mazao yanayopenda unyevu, kama matete ya kuezekea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kila sentimita 10 za maji zinazopandishwa kwenye peati iliyokaushwa hupunguza gesijoto kwa kiasi kinacholingana na angalau tani 3 za kaboni dioksidi kwa hekta kwa mwaka. Mkulima asiyeweza kuacha shamba zima anaweza kuanza na hizo 10, nje ya msimu wa mavuno, kwa kuinua ubao wa lango la mfereji wake.